Ukingo wa Bamba

Aliyelitamka neno "mwizi" kwanza alikuwa meneja mkuu, na alilitamka akimtazama Arafa.

Nasimiyu hakupenda. Alikuwa mpelelezi wa polisi Bungoma, kisha Nakuru, kabla hajaja Doha na kukabidhiwa usalama wa hoteli hii ya West Bay, na jambo moja alilijua fika: mkubwa akishasema mwizi ni fulani, kila mtu huanza kumtafutia huyo fulani ushahidi, na ushahidi wa kutafutiwa haukosekani. Akavuta kiti, akakaa katikati, meneja huku, Arafa kule.

"Bwana Sfeir, kwanza nielezwe kilichoibwa," akamwambia meneja kwa Kiingereza.

"Kimebadilishwa," akadakia mzee aliyesimama dirishani. "Aliyeiba ameniachia cha bandia."

Huyu ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima wiki hiyo: Gommaar Verstichel, Mbelgiji, mchoraji na mpiga chapa, mzee mrefu mwenye mikono ya fundi gereji, wino umeingia kwenye kucha ukakataa kutoka. Jioni hiyo, baada ya magharibi, mabalozi, matajiri na waandishi wa habari wangejaa ukumbini kumwona akichapa kwa mkono wake picha iliyompa jina, *Wangoja Basi*. Aliichonga mwaka 2007, West Bay ikiwa bado kreni na vumbi: wanaume wamechuchumaa kando ya barabara wakisubiri basi la kuwarudisha kambini, na nyuma yao maghorofa yanapanda. Sasa ilikuwa 2014, maghorofa yamekwisha kupanda, na picha ile ilikuwa imetembea dunia nzima.

Mezani palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, bamba la shaba lililochongwa picha hiyo, ukubwa wa sinia ya chai, limepakwa wino mweusi. Cha pili, chapa aliyoitoa kwa bamba hilo asubuhi hiyo kuujaribu mtambo wa kuchapia, karatasi bado ina unyevu. Hata Nasimiyu, ambaye sanaa yake iliishia kuchora ramani za ajali, aliona kwamba picha imefifia. Wale wanaume walikuwa kama wanaotazamwa kupitia chandarua.

"Nieleze kama unavyomweleza hakimu, mzee. Unajuaje bamba hili si lako?"

Mzee akalipenda swali. Alikuwa mtu wa kuionea fahari kazi yake, na hakuifichaficha. "Mimi natumia sindano ya chuma tu. Sindano ikipita kwenye shaba inachimba mfuo, na shaba inayotoka humo inainuka pembeni, kama udongo kando ya mtaro. Yale matuta madogo ndiyo yanayoshika wino. Ndiyo yanayofanya weusi wangu uwe weusi. Wapiga chapa wa Antwerp walikuja kuniuliza siri ni nini, nikawaambia siri ni bega."

"Na hili?"

"Halina matuta." Akalipitishia vidole, juu mpaka chini, taratibu. "Laini. Nilianza kazi mvulana, katika kiwanda cha karata za kuchezea, mjini Turnhout. Nikachora kwa rangi za mafuta miaka na miaka, watu wakasifu fremu. Shaba ndiyo iliyonifanya mtu. Mistari yangu naijua kuliko nyuso za wanangu. Mtu amelichukua bamba langu akaniwekea nakala mbovu."

"Nani angelitaka?"

"Nani asingelitaka? Mwenye bamba anaweza kuchapa picha mpya hata nikiwa kaburini. Mwaka jana alinijia mfanyabiashara kutoka Brussels analitaka. Nilimfukuza."

Meneja akatazama saa yake ya mkononi. "Aliyeingia chumba hiki jana mchana ni huyu mama peke yake. Ikifika alasiri bamba halijaonekana, naita polisi wamchukue. Siwezi kuwapokea mabalozi na aibu hii."

Arafa alikuwa amesimama wima, ncha ya mtandio ameikamata. Mtu wa Makunduchi, Unguja, mwanamke wa makamo, alikuwa akisafisha vyumba vya ghorofa hii tangu hoteli ifunguliwe, na wageni wengine walikuwa wakimwulizia kwa jina kabla hawajauliza chakula. Asubuhi ile meneja alikuwa amemwita mwizi koridoni, mbele ya wenzake wa zamu nzima.

"Dada Nasimiyu, mimi sikuiba," akasema kwa Kiswahili. "Na wakinitia kwenye gari la polisi leo, hata wakiniachia kesho, jina litakalofika Makunduchi ni hilo hilo. Mimi mwanangu namposea mke. Nani atampa binti mtoto wa mwizi?"

"Tulia, bibie. Nijibu ninachokuuliza tu. Jana ulilikuta bamba humu?"

"Nililikuta, hapo mezani, juu ya kitambaa. Na nilipotoka nililiacha hapo hapo, nikalifunika na kitambaa chake."

"Lilikuwa hili hili?"

Arafa akasogea, akalitazama kwa makini, maana alikuwa mtu mkweli na hakutaka kusema asilolijua. "Hili mie silitambui. Nililoliacha mimi halikuwa jeusi hivi."

"Mmesikia?" Meneja akapiga paja Nasimiyu alipomaliza kutafsiri. "Mwenyewe amekiri mabamba ni mawili."

Jibu lile lilimkaa Nasimiyu vibaya. Mwizi hamsaidii anayemshtaki, na huyu alikuwa amemsaidia bila hata kuombwa.

Akashuka chumba cha kamera. Athanas, mtu wa Bukoba aliyezeeka mbele ya skrini zile, alikwisha kuzitafuta picha za jana. Arafa akaingia na toroli lake. Akakawia humo kuliko kawaida yake. Akatoka na toroli, mikono mitupu, uso umekunjuka.

"Anaonekana ana raha," Nasimiyu akasema.

"Raha ya nini, sijui. Ila subiri, afande, uone hii." Athanas hakuacha kumwita afande hata siku moja. Akaleta picha za mlango wa wafanyakazi, jioni ya siku hiyo hiyo. Zuberi, dereva aliyepewa kumwendesha Mzee Verstichel, alikuwa akitoka na kifurushi bapa kwapani, kimefungwa magazeti, ukubwa wa sinia ya chai.

"Leo yuko wapi?"

"Leo yuko ofu. Kwake ni Abu Hamour."

"Na hukuniambia mapema?"

"Hukuuliza madereva, uliuliza hausikipa."

Hapo alikuwa na haki. Nasimiyu akachukua gari la hoteli.

Zuberi alikuwa mtu wa Mombasa, Majengo, mcheshi wa kuzaliwa, na alimfungulia mlango akiwa na kikoi kiunoni na mswaki mdomoni. Alipoona ni mkuu wa usalama, ucheshi ukampungua.

"Dadangu, karibu. Kuna nini?"

"Jana ulitoka na kifurushi."

"Nilitoka nacho."

"Kiko wapi?"

Zuberi akamwonyesha kwa mswaki. Ukutani, juu ya kitanda, mahali wengine huweka kalenda, palikuwa na *Wangoja Basi*. Lakini hii haikuwa na chandarua. Weusi wake ulikuwa mzito, wa kushikika, na wale wanaume walikuwa wamechoka kwelikweli.

"Umeitoa wapi?"

"Nimepewa na mwenyewe. Wewe mtazame huyu wa katikati, aliyefunga kilemba cha taulo." Akasimama kando ya picha, akageuza uso upande. "Si mimi? Nilikuwa kibarua wa saruji mwaka huo, sijapata hata leseni. Kaja mzungu kakaa kwenye mchanga, anatuchora siku nzima, sisi tukamcheka. Juzi namchukua uwanja wa ndege, namhadithia, kumbe ndiye. Alilia, wallahi. Akanipa hii, ya kwanza kabisa kuchapwa, alikuwa nayo kwenye sanduku. Dadangu, dunia nzima wameitundika hii sura, na mimi nilikuwa sijui. Nimempigia mke wangu simu nikamwambia kuanzia leo aniheshimu."

Nasimiyu akacheka bila kutaka. Dhana yake ya Zuberi ikafia hapo, lakini hakuondoka. Polisi mzuri haondoki na jibu moja.

"Aliposema akupe, ilikuwaje? Nieleze yote."

"Alifungua sanduku akatoa picha mbili. Akaniuliza, ya basi ni ipi? Nikamwonyesha. Akaishika, akanichukua kidole akakipitisha hapa pembeni. Akasema, unasikia karatasi ilivyozama? Hapo ndipo bamba lilipobana. Akasema hiyo ndiyo alama ya chapa ya kweli."

"Alikuuliza wewe ya basi ni ipi?"

"Eeh. Nami nilishangaa kidogo."

Nasimiyu akaishusha picha. Ilikuwa haina kioo. Akakipitisha kidole chake kwenye pambizo nyeupe na kweli akausikia ukingo, karatasi imezama pande zote nne. Chini, pembe ya kushoto, kidole kikajikwaa. Akawasha tochi ya simu, akailaza karibu na karatasi ili mwanga upite kwa ubavu, kama alivyokuwa akifanya Bungoma kusoma nyayo kwenye tope. Kwa mwanga huo pembe ikajitokeza: ukingo ulikuwa umepondeka na kumeguka, kijipengo kidogo ambacho macho ya kawaida yasingekiona.

"Naiazima hii."

"Kuazima, hapana," akasema Zuberi. "Tunakwenda nayo. Mimi ndiye nitakayeibeba. Ngoja nivae suruali."

Alasiri ilikuwa imekaribia waliporudi. Nasimiyu alimwomba meneja asubiri nje na simu yake, akamwacha Zuberi mlangoni, akaingia kwa mzee na picha. Akaiweka mezani, kando ya ile iliyofifia, akafunga mapazia, akalaza tochi.

Kwenye chapa ya asubuhi, chini, pembe ya kushoto, kilikuwapo kijipengo kile kile, umbo lile lile, upana ule ule. Akainua bamba lenyewe, akafuta wino kwenye pembe zake, shaba ikametameta chini yake. Pembe moja ilikuwa imepondeka.

"Mzee, bamba hili limewahi kuanguka?"

"Mara moja. Studio, sakafu ya saruji, kabla sijachapa hata picha moja. Nililia kama mtoto. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni hili. Mwenye kughushi huiga anachokiona, na pengo hili halionekani bila mwanga wa ubavu. Hakuna aliyeiba kitu. Bamba lako halijatoka chumba hiki."

"Haiwezekani. Vidole vyangu—"

"Vidole vyako vimesema kweli. Matuta hayapo. Lakini tazama hapa mbinguni, juu ya kreni, kwenye chapa ya leo. Unaona nini?"

Mzee akainamia karatasi. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mbingu."

Pale juu palikuwa na vistari vyembamba kama nywele, mamia, vinazunguka na kuzunguka, duara juu ya duara, kama vya sufuria iliyosuguliwa. Mtu yeyote mwenye macho angeviona. Nasimiyu akafungua mapazia, akasogeza kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini.

"Tangu lini huoni, mzee?"

Verstichel akaitafuta ncha ya meza kwa mkono, akakaa.

"Rangi ziliondoka kwanza," akasema mwishowe. "Nikaacha kupaka. Kisha mistari. Naona mwanga, naona kivuli cha mtu. Kuchapa najua kwa mikono, nimechapa miaka hamsini, sihitaji macho. Lakini wakijua, watasema kazi zangu zote za mwisho ni za kubahatisha. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, binti. Sitaki kufa nikiwa mtu wa kuhurumiwa."

"Nakuelewa. Lakini asubuhi ulipolitoa kwenye kitambaa, lilikuwa linametameta kama jipya. Ungeliona, usingesema limebadilishwa. Ungesema limesuguliwa. Sasa kuna mtu anangoja gari la polisi kwa sababu wewe ulisema kwa uhakika kitu ambacho hukukiona."

Nasimiyu akaenda mlangoni akamwita Arafa, na kwa kuwa Zuberi na meneja walikuwa hapo hapo, wakaingia wote.

"Bi Arafa, sikuulizi kuiba. Nakuuliza ulilifanya nini bamba jana."

"Nililisugua," akasema Arafa, bila kusita, na Nasimiyu akatafsiri.

"Kwa nini hukusema tangu asubuhi?" meneja akafoka.

"Uliniuliza nimelipeleka wapi la kweli. Mimi la kweli nimeliacha mezani. Nilipoonyeshwa hili jeusi nikasema labda yapo mawili, miye nayajuaje mambo ya watu?" Akamgeukia Nasimiyu. "Nililikuta lina kutu ya kijani, limekuwa kahawia, limejaa mafuta. Kwetu shaba haiachwi ikawa vile. Bibi yangu alikuwa na masinia ya harusi, watu wanakuja kuazima kutoka Kizimkazi, na aliyeyasugua ni mimi. Limau na chumvi. Nikachukua limau za kwenye trei ya chai, chumvi ya trei, na sponji, upande ule wa kijani unaokwaruza. Nikasugua mpaka nikajiona uso. Nikasema mzee huyu mgeni wa heshima, akirudi atafurahi."

Nasimiyu akatafsiri. Verstichel alifumba macho aliposikia upande wa kijani wa sponji. Kazi ya majira mazima ya joto ilikuwa imeondoka kwa trei moja ya chai, na uchungu ulimjaa usoni, kila mtu akauona.

"Sawa," akasema meneja, ambaye alikwisha kuona njia ya mkato. "Hakuna wizi, hakuna polisi. Tutasema mtambo umeharibika. Huyu mama amegusa mali ya mgeni, kanuni ni kanuni, lakini tutamkatia tiketi arudi kwao kimyakimya. Hakuna atakayejua."

"Kimyakimya sitaki," akasema Arafa. "Kugusa nimegusa, na kosa hilo nalibeba. Lakini mwizi niliitwa koridoni, mbele ya wenzangu. Nikiondoka kimya, nimeondoka mwizi. Wasikie wale wale."

Nasimiyu akatafsiri na hilo, polepole, ili lisipotee neno. Kisha akaongeza la kwake. "Naweza kuandika ripoti nzuri, mzee. Lakini ripoti yangu haisomwi jikoni wala chumba cha kufulia nguo. Anayeweza kumsafishia jina ni wewe tu, na unajua itakugharimu nini."

Mzee aliuliza kitu kimoja: kama wafanyakazi huruhusiwa kuingia ukumbini. Meneja akasema hapana. Mzee akasema basi hatachapa wala hatatokea. Meneja akasema ndiyo, wanaruhusiwa.

Baada ya magharibi ukumbi ulijaa. Mabalozi walikaa mbele, manukato ya udi yakaelea. Ukutani walijipanga wasafisha vyumba, wapishi, walinzi, na Athanas aliyeacha skrini zake kwa mara ya kwanza. Zuberi alisimama na picha yake kifuani kama cheti cha kuhitimu. Arafa aliingia kwa mlango wa mbele, si ule wa wafanyakazi, amevaa buibui lake jipya, na Nasimiyu ndiye aliyemfungulia.

Verstichel akasimama mbele ya mtambo akiwa ameshika bamba. Lilikuwa limefutwa wino, likawaka kwa taa za ukumbi.

"Mlialikwa mnione nikichapa," akasema. "Sitachapa. Bamba hili limemaliza kazi. Leo asubuhi nilisema limeibwa, na kwa neno langu mwanamke mwadilifu akaitwa mwizi. Halikuibwa. Nililishika mkononi nisilitambue, kwa sababu mimi ni kipofu, na nimekuwa nikiwaficha kwa miaka." Mnong'ono ukapita ukumbini. Akaungoja uishe. "Msinihurumie. Kila picha yangu mliyonayo ukutani niliichonga nikiwa naona, na ni nzuri. Naijua thamani yake. Lakini jina la mtu haliwezi kulipia sifa yangu. Bi Arafa hakuiba kitu. Alisafisha. Nilimsingizia, na ninamwomba radhi mbele yenu nyote."

Kisha akafanya kile ambacho wapiga chapa hufanya bamba linapostaafu, ili lisichapwe tena. Akatoa sindano yake mfukoni, akaitafuta pembe kwa kidole gumba, akakaza bega, akavuta mfuo mmoja kutoka pembe hadi pembe. Shaba ikalia ukumbi mzima ukasikia. Mfuo ulinyooka kama uliopigwa kwa rula, na wapishi ndio walioanza kupiga makofi.

Meneja naye alipiga, hakuwa na la kufanya. Hata yeye aliona kwamba mtu ambaye mgeni wa heshima amemwomba radhi mbele ya mabalozi hawezi kukatiwa tiketi kesho yake.

Makofi yalipotulia, mzee aligeuza uso upande wa mlango, akingoja. Arafa akamsogelea Nasimiyu, shingo imesimama.

"Mwambie nimemsamehe, kwa moyo mmoja," akasema. "Na mwambie lilikuwa chafu."

Nasimiyu alikuwa polisi, na polisi hatoi ushahidi nusu. Akatafsiri yote mawili.